Mtoto wa Mkekani

Ipo taaluma moja ya tiba ambayo jina lake la Kiingereza, ukilitafsiri neno kwa neno, ni tiba ya kazi. Wataalamu wetu wakaamua kuiita tiba kwa vitendo, na naona walifanya vyema. Hebu fikiria umesimama Katoro au Kakola unamtangazia mama kwamba mwanawe atatibiwa kwa kazi! Katika ukanda ule wa dhahabu, kutoka Geita hadi Kahama, kazi ya mtoto inajulikana: kuponda mawe, kubeba viroba, kuchanganya mchanga na zebaki kwa mikono mitupu. Shirika la Human Rights Watch lilipotoa taarifa yake mwaka 2013, lilieleza habari za watoto wa hata miaka 8.

Tiba yenyewe haikuanza na watoto. Waasisi wake walikutana Clifton Springs, New York, mwezi Machi 1917, wiki chache kabla Marekani haijaingia katika Vita Kuu ya Kwanza. Mmoja wao, George Barton, alikuwa msanifu wa majengo aliyepooza upande wa kushoto, akajirudishia nguvu kwa kulima bustani na kufanya useremala. Kisha vita ikaleta majeruhi kwa maelfu, na swali likawa moja tu: huyu atarudije kazini?

Kwa mtoto mdogo swali hilo halina maana, maana hajapata kuwa kazini. Shughuli yake ni kula mwenyewe, kuvaa shati, kufinyanga ng'ombe wa udongo, kukimbiza mpira wa matambara. Huyo ndiye mtoto ambaye tiba hii ilibidi ijifunze upya kumhudumia.

Huku kwetu ilichelewa. Hospitali ya KCMC ya Moshi ilifunguliwa mwaka 1971, lakini mafunzo ya tiba kwa vitendo yalianza pale mwaka 1998. Mtoto aliyezaliwa Shinyanga mwaka 1990 akiwa na mtindio wa ubongo alikuwa na miaka 8 siku wanafunzi wa kwanza walipoingia darasani. Walipohitimu, ile miaka ya mwanzo, ambayo ndiyo yenye faida kubwa kwa tiba hii, ilikuwa imekwisha kumpita.

Mtoto huyo alikuwa wapi miaka hiyo yote? Aghalabu, mkekani. Mwenzake mwenye nguvu anapelekwa machimboni, yeye analazwa ndani. Mmoja amenyimwa mchezo kwa kuwa anaweza, mwingine kwa kuwa hawezi. Wala si kwa ukatili. Mama anamfanyia kila kitu kwa huruma, na anamlisha uji akiwa chali. Hapo, msikilizaji, pana hatari ya kifo. Uji huingia njia ya hewa, mtoto akapaliwa, na nimonia ikafuata.

Mtaalamu wa tiba kwa vitendo huanza na jambo hilo. Atamkalisha mtoto wima, magoti yamekunjwa, nyayo zimekanyaga kitu, mgongo umeegemea pembe ya ukuta au boksi la mbao lililokatwa kwa kipimo chake. Mmarekani David Werner, yule wa Mahali Pasipo na Daktari, alitoa mwaka 1987 kitabu kizima cha vifaa vya namna hiyo, vilivyobuniwa katika kijiji cha Ajoya, Mexico, pamoja na walemavu wenyewe. Mbao, matambara, mipira ya tairi: hakuna hata kimoja kisichopatikana Geita.

Kisha kijiko. Mpini hufungwa tambara mpaka unenepe, mkono usiofumbika vizuri uweze kuushika. Mama hukaa nyuma, anauongoza mkono wa mtoto mpaka karibu na mdomo, halafu anauachia, ili hatua ya mwisho iwe ya mtoto mwenyewe. Siku zinavyokwenda anauachia mapema zaidi. Majuma ya kwanza uji mwingi utamwagikia kifuani, na mama atatamani sana kumnyang'anya kijiko. Asimnyang'anye.