Shule ya sekondari katika nchi ya kasiteriti: imetoka wapi, na nani ameibeba

Watu wa mbali wakisikia jina la Bisie wanawaza madini tu. Wamesikia habari za mashimo, za mizigo ya kilo 50 iliyotoka msituni mabegani mwa vijana hadi Ndjingala, na za ndege ndogo zilizokuwa zikitua juu ya lami pale Kilambo ili kupeleka kasiteriti Goma. Ni mara chache mtu anauliza swali la pili: vijana wale waliacha masomo darasa la ngapi? Na shule waliyoiacha ilianzaje, na nani alikuwa akiiendesha?

Ndugu wasomaji, nanyi ndugu zetu mliohama makwenu na mnaoishi kwa jamaa au katika makambi, leo tunaeleza historia ya shule ya sekondari katika nchi yetu ya Walikale na Masisi. Shule hiyo imepita katika mikono mingi: misheni, wakoloni, chama kimoja, serikali, makanisa. Kila mkono ulishika kwa muda, kisha ukalegea. Mkono ambao haujalegea hadi leo ni wa mzazi, pamoja na mwalimu anayeishi kwa mchango wa mzazi huyo.

Wakati wa misheni

Wabelgiji hawakujenga shule wenyewe kwa wingi. Waliziachia misheni kazi hiyo. Kuanzia miaka ya 1920 serikali ya kikoloni ilitoa ruzuku kwa misheni za Kikatoliki. Waprotestanti walisubiri hadi baada ya Vita vya Pili vya Dunia ndipo nao wakapata. Hata hivyo walikuwa tayari kazini. Wamisionari Wapentekoste wa Sweden walifika upande wetu wa mashariki mwaka 1921, na kutoka kazi yao likatokea kanisa tunaloliita leo CEPAC, ambalo shule zake zimeenea katika wilaya zetu.

Lengo la shule za wakati ule lilikuwa dogo: kupata katekista, karani, fundi, muuguzi msaidizi na mwalimu wa shule ya msingi. Masomo ya sekondari kwa Mwafrika, yenye programu inayoweza kumfikisha chuo kikuu, yalianza kupanuka baada ya 1948. Mwaka 1954 waziri wa makoloni, Auguste Buisseret, akaanzisha shule za serikali zisizo za kanisa. Ilikuwa imechelewa. Tarehe 30 Juni 1960, siku ya uhuru, Wakongomani waliomaliza chuo kikuu katika nchi nzima hawakufika 30.

Sasa fikiria mtoto wa Walikale wa miaka ile. Wilaya yetu ndiyo kubwa kuliko zote za Kivu ya Kaskazini, na sehemu yake kubwa ni msitu. Aliyemaliza shule ya msingi na kutaka kuendelea alipaswa kuondoka, mara nyingi kuelekea Bukavu, mji mkuu wa Kivu yote kabla jimbo halijagawanywa mwaka 1988. Huko Wajesuiti walikuwa na koleji yao tangu 1938, Notre-Dame de la Victoire, iliyojengwa kwanza kwa ajili ya watoto wa Wazungu. Ndiyo ile ambayo baadaye ilipewa jina la Alfajiri. Kwa familia ya mkulima, kumpeleka mtoto huko kulikuwa karibu sawa na kumpeleka nchi nyingine.

Mtihani mmoja kwa nchi nzima

Jambo kubwa kuliko yote katika historia ya sekondari ya Kongo lilitokea mwaka 1967: Mtihani wa Serikali, yaani Exetat, ulianzishwa. Kabla ya hapo cheti kilipimwa kwa jina la shule iliyokitoa, na shule ya mjini ilishinda ya kijijini hata kabla mtoto hajafungua mdomo. Tangu 1967 aliye Matadi na aliye Walikale wanajibu maswali yale yale.

Kila familia inajua jinsi kazi hii inavyokwenda. Kwanza kuna sehemu ya awali, ambamo mwanafunzi anaandika insha ya Kifaransa na kuulizwa kwa mdomo. Kisha zinakuja siku 4 za mtihani wenyewe: maarifa ya jumla, sayansi, lugha, na masomo ya seksio yake. Ukipata asilimia 50 umepita. Matokeo yakitoka, zamani kwa redio na leo kwa simu, mtaa mzima unajua kwa poda nyeupe inayomwagwa kichwani mwa aliyefaulu. Poda ile si mchezo. Ni ukoo mzima unaotangaza kwamba miaka ya malipo haikupotea.

Enzi ya Zaire ilileta pia mambo ambayo wazee wetu wanayakumbuka kwa hisia mbili. Asubuhi ilikuwa bendera, nyimbo na ngoma za kumsifu kiongozi, na kila kijana alihesabiwa kuwa mwanachama wa vijana wa chama, JMPR. Katika sera ya kurudi kwenye asili, mwanzoni mwa miaka ya 1970, majina ya watakatifu yalifutwa na shule zikaitwa Institut, likifuatwa na jina la mlima, mto au mahali. Ndiyo maana hata sasa mbao za shule zetu zinasomeka hivyo.

Mwishoni mwa 1974 serikali ilizichukua shule zote za makanisa. Haikuziweza. Tarehe 26 Februari 1977 ilitia saini mkataba na Wakatoliki, Waprotestanti na Wakimbangisti: serikali inalipa walimu na kuweka programu, kanisa linaendesha. Hizo ndizo shule tunazoziita za konvansio. Ni shule za umma, ingawa mkuu wake, yule tunayemwita prefe, anapendekezwa na kanisa.

Mzigo unahamia kwa mzazi

Mkataba ule ulikuwa na neno moja zito: serikali inalipa. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 neno hilo lilipoteza maana. Pesa ya Zaire ilianguka hivi kwamba mshahara wa mwezi haukutosha chakula cha wiki. Walimu waligoma, shule zikafungwa, watoto wakapoteza wakati. Suluhisho lililopatikana lilikuwa wazazi wachange ili mwalimu abaki darasani. Mchango huo ukaitwa prime. Ulisemwa kuwa wa muda mfupi, nao umezeeka pamoja nasi.

Katiba ya 2006, katika ibara ya 43, iliahidi shule ya msingi ya bure. Ahadi ilianza kutekelezwa Septemba 2019, na madarasa yakajaa. Lakini ahadi ile ni ya shule ya msingi. Mtoto anayemaliza darasa la 6 anavuka kijito kidogo tu kwenda la 7, na ng'ambo ya pili anakuta malipo. Baada ya la 7 na la 8 kuna miaka 4 ya humanite, na malipo yanazidi kupanda.

Zaidi ya hayo kuna walimu wale tunaowaita N.U., waliokwisha kuajiriwa lakini majina yao hayajaingia katika orodha ya mishahara ya serikali. Shule inaweza kuwa na kibali, prefe na wanafunzi, na bado nusu ya walimu wake wakala kutoka mifuko ya wazazi. Mwezi ambao mihogo haikuuzwa, au njia imefungwa, mwalimu naye hakupata.

Kwa nini pedagojia kila mahali

Mgeni akipita katika vijiji vyetu atashangaa: karibu kila sekondari ina seksio ya Pedagojia, mbili tatu zina Sosho au Biashara, na chache sana zina Biolojia-Kemia yenye vifaa. Watoto wetu hawakuchagua hivyo kwa mapenzi. Pedagojia inahitaji chaki, ubao na darasa la msingi jirani la kufanyia mazoezi. Kemia inahitaji maabara, ufundi unahitaji mashine na umeme. Shule inayoendeshwa kwa prime inafungua seksio inayoweza kulipia.

Matokeo yake tunayaona. Ardhi yetu inatoa bati linalouzwa duniani kote, lakini kijana wa hapa anayetaka kusoma jiolojia au umeme wa viwandani anapaswa kuondoka, kama babu yake alivyoondoka kwenda Bukavu.

Hata hivyo shule zetu hazikuwa za chaki tu. Zina mechi za mpira kati ya shule na shule, kwaya, michezo ya kuigiza, na mashindano ya maswali ya génies en herbe ambayo hujaza ukumbi wa parokia. Zina vijana wa Kiro-Xaveri, chama kilichoanzia Bukavu mwaka 1952. Tarehe 30 Aprili, siku ya walimu, wanafunzi huchanga kuku au sabuni kwa mwalimu wao. Na tarehe 2 Julai, siku ya kufunga mwaka, mzazi aliyeshinda shambani hubadilisha nguo ili asikie jina la mtoto wake likitajwa mbele ya watu.

Shimo na darasa

Kasiteriti ya Bisie ilianza kuchimbwa karibu mwaka 2002. Msitu ukageuka mji. Maelfu ya makreseri, wabebaji na wafanyabiashara waliingia, nyuma yao watu wenye bunduki. Kwa kijana wa darasa la 8 hesabu ilikuwa rahisi: kuendelea miaka 4 kwa kulipa, au kwenda kubeba mzigo na kulipwa wiki hiyo hiyo. Walimu wasiolipwa walifanya hesabu hiyo hiyo.

Septemba 2010 rais Joseph Kabila alisimamisha uchimbaji katika Kivu mbili na Maniema, hadi Machi 2011. Kwa wazazi wengi hapo ndipo ilipoonekana jinsi shule na shimo vilivyofungwa kamba moja: shimo liliposimama, prime nayo ilisimama. Baadaye kampuni ya Alphamin ilijenga mgodi wa viwanda, ulioanza kutoa bati mwaka 2019. Mwaka 2024 ulitoa takriban tani 17,000.

Kanuni ya madini ya 2018 inasema kwamba katika mrabaha unaolipwa na mgodi, asilimia 15 ni ya serikali ya mahali pale madini yanapotoka. Tena inaitaka kampuni itenge asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa maendeleo ya wenyeji. Hizo si sadaka, ni sheria. Kamati za wazazi zina haki ya kuuliza viongozi wetu, kwa adabu na kwa maandishi: katika pesa hizo, maabara ya kemia iko wapi?

Vita, na kile kinachobebeka

Mwaka 1993 mapigano yalianzia sokoni Ntoto, hapa Walikale, yakasambaa Masisi. Tangu hapo karibu kila kizazi cha wanafunzi kimekimbia angalau mara moja. Kitshanga ilianguka Januari 2023, Masisi-centre Januari 2025, na Walikale-centre tarehe 19 Machi 2025, kabla M23 hawajaondoka huko mwanzoni mwa Aprili. Mapema mwaka huo UNICEF ilisema shule na mahali pa masomo zaidi ya 2,500 katika Kivu ya Kaskazini na ya Kusini vilikuwa vimefungwa. Mara nyingi darasa ndiyo nyumba ya kwanza ya anayekimbia, na madawati ndiyo kuni za kwanza.

Mgodi wa Bisie ulisimamisha kazi tarehe 13 Machi 2025, ukaanza tena hatua kwa hatua tarehe 9 Aprili. Mawe yalisubiri yalipokuwa. Mwanafunzi wa darasa la mwisho hasubiri namna hiyo: wiki 4 alizokosa kabla ya mtihani zinaweza kumgharimu mwaka, na mwaka ukipotea, msichana anaozwa na mvulana anashika sururu au bunduki.

Kwa hiyo, wazazi, historia hii inatuachia mashauri machache. Jengo halibebeki, lakini buletini inabebeka. Ifungeni katika plastiki pamoja na hati ya kuzaliwa, na wekeni picha yake katika simu ya ndugu aliye mbali. Hakikisheni jina la mtoto linaandikwa namna moja katika kila karatasi, kwa sababu jina la kwenye orodha ya mtihani ndilo litakaloandikwa kwenye diploma. Mkifika mahali papya, mwoneni prefe wa jirani mapema, kabla hamjapata pesa. Mweleze mtoto alifikia darasa gani na seksio gani. Ukimya ndio unaofanya wiki ziwe mwaka.

Na ninyi walimu mliohama, msiache madaftari ya majina. Daftari moja la darasa limetosha mara nyingi kuonyesha kwamba shule iliyochomwa bado ipo, chini ya mti au chini ya turubai, na kwamba watoto wake wanajulikana mmoja mmoja.