Ngome na Ng'ambo: Tamasha la Muziki na Mtunzi wa Taarab Mjini Zanzibar

Tangu Februari 2004, tamasha la Sauti za Busara lilipofanyika kwa mara ya kwanza katika Mji Mkongwe wa Zanzibar, swali la iwapo tamasha kubwa la mjini humfaa au humdhuru mwanamuziki wa pale pale limejadiliwa zaidi na watu wa utalii kuliko wahakiki wa fasihi. Wanaolitetea huhesabu vyumba vya hoteli vilivyojaa na vikundi vilivyoalikwa ng'ambo ya bahari baada ya kusikika jukwaani. Wanaolilaumu huuliza mwanamuziki hula nini katika miezi kumi na mmoja iliyosalia. Pande zote mbili hulitumia neno 'mwanamuziki' kana kwamba linamhusu mtu mmoja. Katika taarab, sanaa tunayokusudia kuishughulikia hapa, sivyo. Yuko anayetunga maneno, yuko anayeyatilia muziki, yuko anayeyaimba, wako wapigaji, na yuko msikilizaji anayeinuka kutunza. Makala haya yanadai kwamba tamasha limewafaa waimbaji na wapigaji, na kwamba gharama ya faida hiyo imemwangukia mtunzi.

Ili dai hili lieleweke, hatuna budi kurudi nyuma, kwa kuwa tamasha si mfadhili wa kwanza wa taarab. Masimulizi yanayokubalika na wengi huanza na Seyyid Barghash, aliyetawala kati ya 1870 na 1888, na ambaye inasemekana alimpeleka Mohamed Ibrahim nchini Misri ili ajifunze kupiga ganuni. Nadi Ikhwan Safaa, iliyoundwa mwaka 1905, iliichukua sanaa hiyo ikaitoa katika milango ya kasri, ingawa haikuitoa mbali sana. Nyimbo za kasri ziliimbwa kwa Kiarabu. Jambo hili hutajwa na wanahistoria wa muziki kisha likapitwa, lakini kwa mhakiki wa fasihi ndilo kiini cha mambo: mfadhili wa kwanza wa taarab alilipia nyimbo ambazo walio wengi mjini mwake hawakuzielewa maneno, na sanaa haikupungukiwa na kitu machoni pake. Sauti ilitosha, na heshima ya kuwa na waimbaji ilitosha.

Mfadhili wa pili alikuwa na haja tofauti kabisa. Mwaka 1928 Siti binti Saad, mwanamke wa asili ya Fumba aliyekuja mjini akiuza vyungu, alisafiri na wenzake hadi Bombay kurekodi santuri. Shaaban Robert ameyaandika maisha yake katika wasifu ambao wanafunzi wetu wengi wameusoma kama mfano wa nathari bora, pasipo kuuliza nani hasa alikuwa akinunua santuri hizo. Walizinunua watu wa pwani na bara waliojua Kiswahili. Kampuni ya santuri haikuwa na mapenzi yoyote na fasihi yetu. Ilitaka kuuza. Lakini ili iuze, ilihitaji maneno ambayo mnunuzi angeyafahamu, angeyacheka, angeyabishania barazani. Laura Fair, katika kitabu chake cha 2001 kuhusu starehe na siasa mjini Zanzibar, ameonyesha jinsi nyimbo za Siti na wenzake zilivyogusa mahakama, matajiri na waume wakorofi, na jinsi wakazi wa Ng'ambo walivyokumbuka kila wimbo ulimlenga nani. Soko, katika mkasa huu mmoja, lilimtia mtunzi nguvu. (Tunasema katika mkasa huu mmoja, maana si desturi ya soko.)

Dola iliyozaliwa na Mapinduzi ya 1964 ilikuwa mfadhili wa tatu. Kuhusu kipindi hicho tutasema machache: vikundi viliwekwa chini ya uangalizi wa serikali, na maneno yakapimwa. Culture Musical Club, iliyokuwa na asili yake mwaka 1958, ilikuwa miongoni mwa vikundi vilivyokua katika mazingira hayo. Dola ilimbana mtunzi, lakini ilimsoma. Hata mkaguzi ni msomaji, na kwa kiasi fulani ni msomaji makini kuliko wengine, kwa kuwa kazi yake ni kulitafuta fumbo.

Sasa tumfikirie mfadhili wa nne. Sauti za Busara imekuwa ikifanyika ndani ya Ngome Kongwe, mkabala wa Forodhani, katika kuta zilizoanza kusimamishwa na Waomani baada ya kumfukuza Mreno mwishoni mwa karne ya 17. Mbele ya jukwaa hukaa hadhira mseto. Wenyeji wamo, na ni haki kusema kwamba waandaaji wamewauzia tiketi kwa bei ya chini kuliko wageni. Aidha, waandaaji wameshikilia sharti la kupiga muziki wa moja kwa moja, bila kanda iliyorekodiwa, na sharti hilo limewapa fursa wapigaji ambao vinanda vya umeme vya taarab ya kisasa vilikuwa vimewaondolea kazi. Mpigaji wa ganuni, wa udi au wa fidla alipata tena sababu ya kufanya mazoezi. Chuo cha muziki cha Dhow Countries Music Academy, kilichoanzishwa mwaka 2002 katika jengo la forodha ya zamani, kilipata pahali pa kuwaonyesha wanafunzi wake. Asemaye kwamba tamasha halikumfaa mwanamuziki yeyote wa Zanzibar hakutazama.

Hata hivyo, tuuangalie wimbo wenyewe unapofika jukwaani. Kikundi hupewa muda wa saa moja hivi. Wimbo wa taarab ya kale, pamoja na kitangulizi cha ala na virudisho vyake, waweza kuchukua dakika kumi na zaidi. Kwa hiyo nyimbo ni chache, na zinazochaguliwa ni zile zenye mdundo wa kumwinua mtu asiyejua maana. Ndiyo maana kidumbak, ambacho ni ndugu wa taarab mwenye ngoma nyingi na ala chache, hukaa jukwaani kwa raha kuliko taarab yenyewe. Tena kidumbak ni hodari wa maneno ya kejeli. Lakini kejeli yake haihitajiki mle, mdundo unatosha.

Halafu kuna kutunza. Kelly Askew, aliyeichunguza taarab ya Tanga katika kitabu chake cha 2002, ameeleza kwa kirefu jinsi msikilizaji anavyoinuka na fedha mkononi wakati ubeti unaomhusu, au unaomhusu hasimu wake, unapoimbwa. Kwa kuinuka huko anaujaza wimbo maana ambayo mtunzi aliiacha wazi makusudi. Mtunzi hasemi jina. Msikilizaji hulisema kwa mwili wake. Fedha ile ni kipato cha kikundi, lakini pia ni uhakiki, pengine uhakiki wa haraka kuliko wote tunaoujua. Jukwaa lililoinuliwa, lenye taa machoni pa waimbaji na ukumbi wa watu wasiojuana, haliui fumbo kwa nia mbaya. Linamkosesha tu mtu wa kulifumbua. Arusini Ng'ambo kila mtu anajua nani kagombana na nani. Ngomeni, nani anajua?

Ndipo tunapoona kwamba tamasha, kwa miaka yote liliyofanya kazi ya kuenzi sanaa ya umma, limeirudisha taarab katika hali ya kasri la Barghash. Mlipaji mkuu, awe mfadhili wa Ulaya au mgeni mwenye tiketi, analipia sauti. Tofauti ni kwamba Barghash alikuwa jirani na aliendelea kulipa baada ya Februari.

Mfano wa Bi Kidude, yaani Fatuma binti Baraka aliyefariki tarehe 17 Aprili 2013, huletwa kila mara kuthibitisha faida ya majukwaa makubwa. Alitunukiwa tuzo ya WOMEX mwaka 2005, na filamu kuhusu maisha yake ikatoka mwaka 2006. Hatubishi. Lakini tutazame alichokuwa akikiimba. Sehemu moja ilikuwa nyimbo alizozirithi kwa Siti, ambazo zilikuwa zimekwisha kupata maana yake katika baraza za zamani. Sehemu nyingine ilikuwa ya unyago, mafunzo ya mwari, ambayo maneno yake hayakukusudiwa masikio ya kila mtu. Akiyaimba mbele ya wageni, siri ilikuwa salama kuliko ingekuwa katika uwanja wowote wa kijiji, maana aliyeketi mbele hakuelewa neno. Aliyeketi nyuma, mwenyeji aliyelipa bei ya chini, alielewa na akaona haya au akacheka. Hadhira mbili zilikuwa katika ua mmoja zikisikiliza kazi mbili tofauti, na makofi yaliyosikika zaidi yalitoka kwa ile isiyoelewa. Umaarufu wa Bi Kidude ulikuwa wa haki, bali ulikuwa umaarufu wa koo na umri na ujasiri. Haukumfungulia njia mtunzi hata mmoja.

Msomaji wa Mombasa atatupinga hapa, na pingamizi lake ni zito. Atasema: kwetu hakukuwa na tamasha la namna hiyo, na taarab ya kale ya arusini imepungua vilevile. Juma Bhalo aliacha kuimba mwaka 2007, akafariki mwaka 2014. Zein l'Abdin alimfuata mwaka 2016. Iweje basi lawama ipewe tamasha? Ni kweli. Taarab ya kale ilikuwa imekwisha kubanwa na vinanda vya umeme na mipasho tangu miaka ya 1990, ambayo Said Ahmed Mohamed, akiandika kwa jina la Said Khamis mwaka 2002, ameyachunguza mabadiliko ya maneno yake kwa jicho la mtu anayetunga yeye mwenyewe. Tamasha halikuuanzisha upungufu huo. Linaloweza kulaumiwa ni kuuficha: ukumbi uliojaa kila Februari humfanya waziri na mfadhili waamini kwamba sanaa ni nzima. Mwaka 2016 tamasha lenyewe halikufanyika kwa kukosa fedha, na mwaka 2019 chuo cha forodhani nacho kilitangaza kwamba kilikuwa katika hatari ya kufungwa. Taasisi hizo mbili zilikuwa zikinywa katika kisima kimoja, na kisima hicho hakikuwa cha Waswahili.

Lakini Mombasa inatufundisha jambo jingine pia. Bhalo aliimba tungo nyingi za nduguye Ahmad Nassir, na Zein aliimba za Ahmed Sheikh Nabhany. Waimbaji hao wameondoka na arusi zimebadilika, ila watunzi wao hawakutoweka pamoja na sauti, kwa sababu walisomwa kama washairi: Malenga wa Mvita ilichapishwa mwaka 1971 na ikaingia madarasani Kenya. Mtunzi wa Zanzibar aliyeandika kwa ajili ya klabu hakupata ngazi hiyo. Maneno yake yamo vinywani mwa waimbaji, katika kanda na katika madaftari, na jina lake mara nyingi halitangazwi wimbo unapoanza. Sheria ya hakimiliki ya Zanzibar ya mwaka 2003 inamtambua. Tamasha lingeweza kumtambua kwa gharama ndogo mno: kuchapa maneno ya nyimbo pamoja na jina la aliyezitunga katika kijitabu cha ratiba, kwa Kiswahili kwanza na tafsiri kando, na kuhamisha usiku mmoja wa taarab kutoka Ngomeni hadi uwanja wa Ng'ambo, ambako watu wanajua ubeti upi ni wa nani. Idara zetu nazo zingeweza kumpeleka mwanafunzi mmoja wa uzamili akayanakili madaftari hayo, kabla wenye kuyasoma mwandiko wake hawajaisha.