Kughairi, Kufuta na Kujitoa: Istilahi ya Kutoka katika Ada ya Vitabu vya Sauti

Kitabu cha sauti ni kitabu kilichosomwa na msomaji mwenye ufasaha, sauti yake ikahifadhiwa, na mwenye kukinunua akakisikiliza kwa simu yake badala ya kukifunua kwa mikono. Jina hilo limekwisha kukaa vizuri katika ndimi za watu, wala sina haja ya kulitetea ila kwa jambo moja tu: wako wanaopendelea kusema “kitabu sikivu”, nao nawasihi waliache, kwa kuwa msikivu katika Kiswahili ni yule anayesikia na kutii, ilhali kitabu hakisikii bali husikilizwa. Chimbuko la vitabu hivi lilikuwa ni huruma kwa vipofu. Huko Uingereza mwaka 1935 walianza kupelekewa vitabu vilivyotiwa katika sahani za santuri, na miongoni mwa vile vya mwanzo ilikuwamo riwaya ya Agatha Christie na hadithi ya Joseph Conrad. Leo ni tijara kubwa, na duka lake mashuhuri ni Audible, lililoasisiwa Marekani na Don Katz mwaka 1995, kisha likanunuliwa na Amazon mwaka 2008.

Aingiaye katika duka la namna hii aghalabu hutakiwa kutoa namba ya kadi yake ya benki na kuridhia kukatwa ada kila mwezi, naye kwa ada hiyo hupata haki ya kuchagua kitabu kimoja kiwe mali yake, pamoja na ruhusa ya kusikiliza vingine vingi vilivyomo katika ghala la duka maadamu yungali mwanachama. Makubaliano hayo, katika simu zilizotiwa Kiswahili, huitwa “usajili”, na hapo ndipo matatizo yanapoanzia. Usajili ni kuandikwa daftarini: mtoto husajiliwa azaliwapo, laini ya simu husajiliwa, mchezaji husajiliwa anapohamia timu mpya, na katika hayo yote tendo likiisha limekwisha, wala hapana anayetazamia kwamba kwa sababu jina lake limo daftarini basi atadaiwa tena mwezi ujao, na ule utakaofuata, mpaka atakapotokea mwenyewe kusema basi. Neno usajili laeleza mlango wa kuingilia, lakini lanyamaa kabisa juu ya malipo yanayojirudia, ambayo ndiyo roho ya akdi yenyewe.

Malipo hayo yana historia inayotufaa kuijua. Chama cha Book-of-the-Month Club, kilichoanza Marekani mwaka 1926, ndicho kilichoieneza mno desturi ya kumpelekea mwanachama habari za kitabu cha mwezi, na asipoandika barua ya kukikataa, kitabu hufungwa kikapelekwa kwake pamoja na hati ya madai. Hila hiyo ilishamiri hata serikali ikalazimika kuiwekea kanuni mwaka 1973. Wanasheria wa huko huiita kwa jina lenye maana ya hiari ya kukanusha. Mimi naona Kiswahili kitaieleza kwa uwazi zaidi kikiiita “ridhaa ya kimya”. Mtu wa pwani aliyekaa darasani kwa shekhe akasomeshwa milango ya bei na ijara ataistaajabia ridhaa hii, kwani mafakihi wa madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo yaliyoenea katika mwambao wetu, huishurutiza akdi ya mauzo iwe na ijabu na kabuli, yaani tamko la mwenye kutoa na tamko la mwenye kupokea. Na miongoni mwa kanuni zao ni ile isemayo kwamba aliyenyamaza hanasibishiwi kauli, ingawa wametaja mahali ambapo kunyamaza huhesabiwa kuwa ni kusema. Katika biashara ya ada ya mwezi kanuni hiyo imepinduliwa, kwa kuwa kimya cha mwezi huu ndicho kabuli ya mwezi ujao.

Tukilielewa hilo, tutajua ni tendo gani tunalolitafutia jina. Kutoka katika ridhaa ya kimya ni kukivunja kimya chenyewe: ni kutamka, mbele ya yule anayekata ada, kwamba ridhaa imeondoka. Kitenzi chochote kisichobeba utamkaji huo kitampotosha mtumiaji, hata kikiwa kizuri namna gani kwa matumizi mengine.

Neno lililoenea zaidi katika simu ni “ghairi”. Nalipenda neno hili kwa umri wake na kwa ulaini wake, lakini kughairi ni kubadili nia. Mtu aliyekusudia kwenda Pemba, akaamka asubuhi akaiona bahari imechafuka, akarejea kitandani, huyo ameghairi, na kughairi kwake kumetimia moyoni hata kama nahodha hakuarifiwa. Ada ya mwezi haiyajui yaliyo moyoni. Tena yako madhara ya pili, nayo huonekana kwenye kioo chenyewe: kitufe cha “Ghairi” katika simu hizo hizo ndicho kitumiwacho kwa kuacha jambo ulilolianza, basi pakitokea kidirisha kinachouliza, “Ungependa kughairi usajili?”, na chini yake pakawa na kitufe kilichoandikwa “Ghairi”, hata msomi wa lugha hawezi kujua kwa yakini kama akikigusa atakuwa ametoka katika ada au ameacha kutoka.

“Kufuta” ni hatari zaidi, kwa kuwa lina maana ambayo mtumiaji anaijua kwa vidole vyake. Huibonyeza picha ya programu mpaka ikatetemeka, akagusa alama ya kuondoa, picha ikatoweka, naye akasema kwa moyo mtulivu kwamba amefuta. Mwezi ukiisha ada hukatwa kama kawaida, kwa sababu akdi haikuwamo katika simu. Imo katika daftari la duka, au, ikiwa alijiunga kwa kupitia Apple au Google, imo katika daftari la hao, na huko ndiko anakopasa kwenda. “Kusitisha” nalo ni kusimamisha kitu kwa kutazamia kukirejea, nalo lafaa lihifadhiwe kwa maduka yanayomruhusu mwanachama kupumzisha ada kwa muda. “Kutangua” lina nguvu na heshima, nasi husema kutangua ndoa na kutangua agano, kwa hiyo ningelitaka libaki kwa wanasheria na mahakimu, ambao ndio wanaozungumza juu ya akdi kwa wingi wake.

Kwa mtu aliyeshika simu yake, neno lililo sahihi ni “kujitoa”, na sifa ya kulipata si ya kamati yoyote. Makampuni ya simu yamekwisha kumzoeza mwananchi kujiunga na kifurushi, na huduma za ujumbe zimemzoeza kusoma kwamba anayetaka kujitoa atume neno fulani kwenda namba fulani. Jozi ya kujiunga na kujitoa imekamilika: kiambishi “ji” kilichomo katika maneno yote mawili chamkumbusha kwamba aliyeingia ni yeye na atakayetoka ni yeye, wala hapana mwingine atakayemtolea tamko. Istilahi kamili, basi, naipendekeza iwe “kujitoa katika ada ya mwezi”, ili malipo yatajwe wazi, wala yasifichwe nyuma ya usajili.

Liko neno jingine linaloambatana na tendo hili, nalo limefasiriwa vibaya kiasi cha kudhuru. Ile haki ya kuchagua kitabu kimoja, ambayo duka humpa mwanachama baada ya kupokea ada, kwa Kiingereza ina jina ambalo katika mabenki humaanisha mkopo, na wafasiri wa haraka wameiita “mkopo” hivyo hivyo. Mtu akisoma kwamba ana “mikopo” 3 ataogopa kujitoa kwa kudhani kwamba anadaiwa, na hali yeye ndiye anayedai, maana vitabu hivyo 3 amekwisha kuvilipia. Neno lake ni “stahiki”, kama tunavyosema stahiki za mfanyakazi. Uzito wake ni mkubwa kuliko unavyodhaniwa, kwa kuwa katika Audible vitabu alivyovichukua mwanachama kwa stahiki zake kwa kawaida hubaki kuwa vyake hata baada ya kujitoa, vile vya ghala hufungwa, na stahiki ambazo hazikutumiwa hupotea uanachama unapokoma. Aliyeambiwa kwamba ana stahiki 3 atazitumia kwanza, ndipo ajitoe. Aliyeambiwa kwamba ana mikopo 3 huenda akatoka mbio akaacha mali yake nyuma.

Dola kadhaa zimeanza kuutungia sheria mlango huu wa kutokea. Ujerumani, tangu tarehe 1 Julai 2022, yeyote anayefunga mikataba ya namna hii kwa intaneti amelazimishwa kuweka kitufe cha kuivunjia mikataba hiyo, chenye maandishi yasiyo na utata. Ufaransa ikafuata mwaka 2023. Marekani, Tume ya Biashara ya Shirikisho ilitoa kanuni Oktoba 2024 kwamba kutoka kuwe kwepesi kama kuingia, lakini mahakama ya rufaa ikaitangua Julai 2025 kwa dosari za utaratibu. Tume hiyo hiyo iliishitaki Amazon mwaka 2023 juu ya uanachama wake wa Prime, ikadai kwamba njia ya kutoka ilikuwa na kurasa 4, mibonyezo 6 na chaguo 15, na kwamba ndani ya kampuni njia hiyo iliitwa Iliad, kwa jina la utenzi mrefu wa Wayunani wa kale juu ya vita vya Troya. Septemba 2025 kampuni ilikubali kulipa dola bilioni 2.5 bila ya kukiri kosa.

Sheria hizo zimeshughulikia idadi ya mibonyezo na uwazi wa maandishi katika lugha za nchi zao; maandishi ya Kiswahili tutayaandika sisi. Kidirisha kiulize, “Unajitoa katika ada ya mwezi?” Chini yake viwepo vitufe viwili, kimoja kiseme “Ndiyo, najitoa”, na cha pili “La, nabaki”. Juu ya vitufe hivyo, kwa herufi za ukubwa ule ule, iandikwe idadi ya stahiki zilizosalia na tarehe ya mwisho ya kuzitumia. Na mtu akishagusa, apelekewe ujumbe wa maneno haya: “Umejitoa. Ada haitakatwa tena. Vitabu ulivyochukua kwa stahiki zako ni vyako.”