Zoezi lilelile, mteja asiyerudi: kasoro ya mashindano ya biashara kwenye televisheni

Watazamaji wa mashindano ya biashara kwenye televisheni hulalamika kwamba kila msimu washiriki hupewa mazoezi yaleyale. Ushahidi upo. Mwaka 2004 The Apprentice ya Marekani ilianza kwa washiriki kuuza maji ya limau mitaani New York. Mwaka 2005 wenzao wa Uingereza walianza kwa kuuza maua London. Tangu hapo mtindo haujabadilika sana: timu mbili, siku moja au mbili, hesabu jioni, mmoja afukuzwe. Ushahidi naukubali, hukumu siikubali. Mfanyabiashara yeyote hurudia kazi ileile miaka nenda miaka rudi. Kinachoviharibu vipindi hivi ni kwamba anayerudia ni mtayarishaji, wakati mshiriki hapati nafasi hiyo hata mara moja.

Ili kuona marudio ya kweli, tazama Burundi, upande wa Gitega na Muyinga. Maeneo hayo hulima kahawa. Matunda yaliyoiva hufikishwa kituo cha kuoshea siku hiyohiyo, kabla hayajaanza kuchacha. Hutumbukizwa majini, mepesi huelea, yakaondolewa. Mabichi huchambuliwa kwa mkono, ndipo mzigo ukapanda mizani. Siku chache baadaye mkulima yuleyule yuko kwenye foleni ileile, na karani anamkumbuka. Aliyechanganya mabichi juzi leo atachambuliwa kwa jicho kali zaidi. Malipo yakichelewa, jambo ambalo wakulima wa Burundi wamelizoea mno, atakopa chumvi na sabuni dukani. Mwenye duka naye huenda amechukua bidhaa kwa mali kauli kutoka kwa mchuuzi aliyezivusha mpakani Kobero kutoka Tanzania. Mnyororo huu wote unasimama juu ya uaminifu uliopimwa mara nyingi.

Kwenye televisheni, aliyemlaghai mnunuzi hatakutana naye tena. Ushindi wake umeshaandikwa. Hata KCB Lions' Den ya Kenya, iliyoanza mwaka 2016 na ambayo, kusema haki, ilileta wajasiriamali wenye biashara halisi, iliweka uzito kwenye dakika chache za kujieleza mbele ya wawekezaji. Ukusanyaji wa madeni, ambao naamini ndio mtihani mkubwa wa mwenye duka, hauonekani.

Wapo watakaosema hii ni burudani tu. Tanzania inatupa sababu ya kukataa. Kipindi cha Ruka Juu, shindano la biashara la mwaka 2011, kilifanyiwa utafiti uliohusisha zaidi ya wanafunzi 2,000 wa sekondari, na matokeo yakachapishwa mwaka 2020 katika jarida la Management Science. Waliohamasishwa kukitazama walishuka kimasomo, na wachache zaidi kati yao waliendelea na shule, bila ushahidi wa kutosha kwamba walifungua biashara nyingi zaidi. Utafiti huo haukupima marudio ya mazoezi. Lakini unaonyesha kwamba kijana huyatilia maanani anayoyaona, na anaweza kuamua maisha yake kwayo.

Basi mazoezi na yarudiwe, ila kwa washiriki walewale. Aliyeuza sokoni wiki ya kwanza arudishwe wiki ya nne kwenye soko lilelile, akiwa na daftari lake la madeni. Zihesabiwe fedha alizokusanya, na wateja walionunua kwake mara ya pili. Afukuzwe, au abaki, kwa hesabu hiyo.