Ubao wa Tanga: Mchezo Uliowasahau Wageni Wake

Mwaka 1984 mchezo wa ubao wa tanga uliingia katika Olimpiki ya Los Angeles, miaka 16 tu baada ya wabunifu wake wa California kuomba hataza. Ni michezo michache iliyopanda haraka namna hiyo. Wakati huo maziwa na fukwe za Uholanzi, Ujerumani na Ufaransa zilijaa matanga ya rangi kila mwisho wa juma la kiangazi. Muongo mmoja baadaye umati ule ulikuwa umepungua sana, na mwezi Mei mwaka 2012 shirikisho la kimataifa la michezo ya matanga lilipiga kura kuuondoa mchezo huo katika Olimpiki ya Rio na kuweka mahali pake ule wa kuvutwa na tiara. Uamuzi huo ulibatilishwa Novemba mwaka huohuo, lakini aibu ilikuwa imekwisha kuingia. Anguko hili huelezwa kwa sababu za nje: vijana walichoka, vifaa vilikuwa ghali, tiara ikanyakua wateja. Sababu hizo zina ukweli wake, ila hazifiki kwenye mzizi. Mchezo ulipungua kwa sababu wenye mchezo, yaani watengenezaji, mabingwa na majarida, waliacha kumfikiria anayeanza.

Ili kuona kilichopotea, tuangalie kwanza kilichowavuta watu. Wazo la kusimama juu ya ubao na kulishika tanga kwa mikono lilizuka zaidi ya mahali pamoja. Peter Chilvers, akiwa mtoto wa miaka 12, alijiundia chombo cha namna hiyo kisiwani Hayling, Uingereza, mwaka 1958. Newman Darby wa Pennsylvania alibuni chake mwaka 1964, na mwaka uliofuata maelezo ya kukiunda yakachapishwa katika jarida la Popular Science. Mauzo ya Darby hayakufika mbali. Walioufanya kuwa mchezo wa watu ni wale wabunifu wa California: Jim Drake, mhandisi wa ndege, na Hoyle Schweitzer, mfanyabiashara aliyependa kupanda mawimbi. Wao waliunga mlingoti na ubao kwa kiungo kinachoinama pande zote, wakazungushia tanga mti wa kushikia kulia na kushoto. Usukani haukuhitajika tena. Ukiinamisha mlingoti mbele, omo huupa upepo kisogo. Ukiuinamisha nyuma, omo huugeukia upepo. Anayeijua ngalawa atatambua hapo kwamba kazi ya mshika usukani na ya mshika kamba ya tanga zimekabidhiwa mikono miwili ya mtu mmoja.

Hataza ilitolewa Marekani Januari 1970, na ubao uliouzwa chini yake, ukiitwa Windsurfer, ulikuwa chombo cha kawaida sana. Ulitengenezwa kwa plastiki ngumu, ukiwa na urefu wa takriban mita 3.65 na tanga moja la kiasi cha mita 5 za mraba. Haukuwa na mbio za kutisha. Lakini ulikuwa na sifa ambayo anayeanza huithamini kuliko mbio: ulielea ukiwa umesimama. Mtu aliyeanguka aliweza kupanda tena, akavuta tanga kutoka majini kwa kamba, akajaribu upya, tena katika upepo hafifu wa ziwa lililo karibu na mji wake. Ulibebwa juu ya paa la gari dogo na haukudai gati wala ada ya kuegesha. Kampuni ya Ten Cate ya Uholanzi ilipopata leseni ya kuutengeneza mwanzoni mwa miaka ya 1970, Ulaya iliupokea kwa shangwe kuliko Marekani yenyewe. Shule zilifunguliwa kando ya maji, na wanafunzi wakaanza na mlingoti uliofungwa juu ya ubao wa mazoezi nchi kavu kabla ya kulowa.

Kulikuwa na jambo jingine lenye uzito zaidi. Mashindano ya Windsurfer yalimtaka kila mtu atumie ubao wa aina moja. Aliyeununua jana na aliyekuwa bingwa walisimama juu ya chombo kilekile, na tofauti yao ilikuwa ustadi tu. Ndiyo maana mwaka 1976, huko Bahamas, Robby Naish wa Hawaii aliweza kutwaa ubingwa wa dunia akiwa na umri wa miaka 13. Mtoto hakuwashinda watu wazima kwa kuwa na fedha za vifaa bora. Aliwashinda kwa wepesi na akili ya kuusoma upepo. Mchezo ambao mtoto wa miaka 13 anaweza kuwa bingwa kwa ubao uleule unaouzwa dukani ni mchezo ambao mlango wake uko wazi, na kila aliyekuwa ufukweni aliliona hilo bila kuambiwa.

Mabadiliko yalianzia Hawaii kwenyewe. Kuelekea mwisho wa miaka ya 1970 wachezaji wa huko waliongeza mikanda ya kuwekea miguu, wakaanza kuruka mawimbi, kisha wakafupisha mbao ili zigeuke upesi. Ufukwe wa Hookipa katika kisiwa cha Maui ukawa makao makuu ya mchezo machoni pa dunia. Mwaka 1986, huko Fuerteventura, Mfaransa Pascal Maka alifikia noti 38.86, yaani takriban kilomita 72 kwa saa, akaivunja rekodi ya vyombo vyote vya tanga iliyoshikiliwa tangu 1980 na mashua ya mbio ya Uingereza, Crossbow II. Hakuna awezaye kuubeza ushindi huo. Kijiubao kilichodhaniwa kuwa kitu cha kuchezea kilikuwa kimezipita mashua zilizoundwa kwa gharama kubwa.

Hata hivyo, ubao ulioleta sifa hizo haukuwa wa kila mtu. Mbao fupi kabisa za wakati ule zilizama chini ya uzito wa mtu zinaposimama, zikaelea tu baada ya kushika kasi. Aliyeanguka hakuweza kupanda na kuvuta kamba. Ilimpasa alale majini, alinyanyue tanga lishike upepo, na aache upepo umwinue. Hilo ni jambo la kujifunza kwa muda mrefu, na halifanyiki katika upepo mdogo. Kwa hiyo ziwa la karibu likawa halifai siku nyingi, na bahari yenye upepo mkali ikawa mbali. Tanga moja likawa matatu au manne kwa upepo tofauti, na ubao mmoja ukawa miwili. Majarida yakapamba kurasa zake kwa mawimbi ya Maui, maduka yakapanga mbao fupi mbele, na mwenye ubao mrefu wa zamani akaanza kuona haya kuushusha majini. Waliokwisha kuiva waliendelea kuchota raha. Aliyekuja mpya alikuta mchezo unamwambia, bila kutamka, kwamba amechelewa.

Yupo atakayesema kwamba kosa lilikuwa la hataza. Ni kweli kwamba Schweitzer, baada ya kununua sehemu ya Drake, alipigania haki yake mahakamani nchi baada ya nchi, na ada za leseni ziliingia katika bei. Lakini tuzipange tarehe. Katikati ya miaka ya 1980 Mahakama ya Rufaa ya Uingereza iliibatilisha hataza hiyo katika kesi dhidi ya kampuni ya Tabur Marine, kwa kuzingatia ushahidi wa kazi ya Chilvers na ya Darby. Marekani nayo muda wake ulikwisha mwaka 1987. Kama ada ndiyo iliyouziba mlango, mchezo ungechanua upya kuanzia hapo, kwa kuwa yeyote aliruhusiwa kutengeneza. Haukuchanua. Makampuni yaliyopata uhuru huo yaliutumia kushindana kwa mbao za mabingwa.

Wengine huilaumu tiara. Ndugu Bruno na Dominique Legaignoux wa Ufaransa waliomba hataza ya tiara ya kujazwa hewa mwaka 1984, lakini ilianza kuuzwa kwa wingi baada ya 1997, na wakati huo umati wa ubao wa tanga ulikuwa umepungua tayari. Tiara iliukuta uwanja uliokwisha kupungukiwa na watu. Tena ilifaulu kwa sifa zilezile zilizoutukuza ubao wa Windsurfer hapo awali: vifaa vyake huingia katika mfuko mmoja, upepo wa wastani huitosha, na shule zake humshika mkono anayeanza tangu siku ya kwanza.

Pingamizi lenye nguvu zaidi ni hili: mchezo usiosonga mbele hufa, na vijana huvutwa na mashujaa. Ni kweli, lakini shujaa huamsha hamu tu; hatoi ubao. Lee Lai-shan alipoipatia Hong Kong dhahabu yake ya kwanza ya Olimpiki mwaka 1996, alikuwa zao la kisiwa cha Cheung Chau, ambako mjomba wake alikuwa na kituo cha mbao za tanga ufukweni. Kisiwa kidogo cha Bonaire katika Karibi kimewalea kina Tonky na Taty Frans na Kiri Thode, majina makubwa ya michezo ya madoido, kwa sababu ghuba ya Lac ina maji ya kina cha kiuno, upepo usiokatika, na vituo vya kukodisha ambavyo vijana wa kijijini walipata vifaa vyake. Hapo kuna mambo matatu: maji salama, kifaa cha kuazima, na mtu mzima wa kuelekeza. Palipo na hayo, mgeni huja na hukaa.

Ushahidi wa mwisho umetoka kwa wenye mchezo wenyewe, waliorudi nyuma. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990 kampuni ya Starboard, iliyoanzishwa na Svein Rasmussen, ilishirikiana na Jim Drake yuleyule kutengeneza mbao pana zinazomstahimili anayeanza. Ubao wa Techno 293 ukawapa vijana mashindano ya vifaa sawa, na ukatumika katika Olimpiki ya Vijana ya Singapore mwaka 2010. Hata ule Windsurfer wa asili umefufuliwa kwa umbo jepesi zaidi, ukiitwa Windsurfer LT. Wakati huohuo Olimpiki ya 2024 ilitumia iQFoil, ubao unaoinuka juu ya maji kwa bawa lililo chini yake. Hakuna ubaya wa bawa hilo mradi lisiwe ndilo la kwanza kuonyeshwa mgeni.

Kwa wenzetu wa pwani ya Afrika Mashariki, ambako kusi na kaskazi huvuma kwa ratiba na tiara zimejaa Paje na Diani, somo liko wazi. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Anayetaka kuukuza mchezo huu asianze kwa kununua ubao wa mbio wala kwa kumwalika bingwa. Aanze na mbao ndefu tano za kuazimisha, mwalimu mwenye subira, na maji ya kina cha kiuno.