Jungu kuu halikosi ukoko: Historia ya Siku ya Chapati za Maji

Kila mwaka, kati ya tarehe 3 Februari na tarehe 9 Machi, inafika Jumanne moja ambayo maduka ya Uingereza hupanga unga, mayai na malimau karibu na mlango. Jioni ya siku hiyo, katika nyumba nyingi, baba au mama husimama mbele ya jiko huku watoto wamemzunguka, na kila mmoja anangoja zamu yake ya kurusha chapati ya maji juu na kuidaka kwa kikaango. Zipo zinazodakwa, na zipo zinazoishia sakafuni. Ofisi hazifungwi siku hiyo, wala hakuna anayeshona nguo mpya. Hata hivyo, kwa karne nyingi sasa, Jumanne hiyo haijapita hivi hivi.

Kwa familia za Waswahili wanaoishi Uingereza, habari za Siku ya Chapati za Maji mara nyingi huletwa na watoto kutoka shuleni. Mzazi aliyekulia Unguja au Dar es Salaam huenda akaiona kuwa ni mchezo tu wa Wazungu. Lakini akielezwa chanzo chake, haitamchukua muda kukumbuka jambo la kwao: vunja jungu, karamu ya siku za mwisho za Shaabani, kabla ya kuandama kwa mwezi wa Ramadhani. Desturi hizi mbili zimezaliwa katika dini mbili na pwani mbili zilizo mbali, na zote zinaanzia kwenye chungu ambacho kesho hakitapikiwa kama leo.

Toba na mayai

Jumanne hiyo ni siku ya 47 kabla ya Pasaka, na ni mkesha wa Jumatano ya Majivu ambapo Wakristo huanza Kwaresima, mfungo wa siku 40 usiohesabu Jumapili. Jina lake la kikanisa kwa Kiingereza, Shrove Tuesday, linatokana na kitenzi cha zamani chenye maana ya kuungama dhambi na kusamehewa. Katika Zama za Kati, muumini alitakiwa kwenda kwa padri kabla ya mfungo kuanza, ili aingie Kwaresima akiwa na moyo safi.

Lakini moyo haukuwa kitu pekee cha kusafishwa. Kanuni za mfungo wa enzi hizo zilikataza nyama, na pia vitu vinavyotokana na wanyama: mayai, maziwa, siagi na mafuta. Hapo ndipo mama wa nyumbani alipokabiliwa na hesabu ngumu. Kuku hawajui Kwaresima, nao wanaendelea kutaga. Maziwa yanaganda na siagi inachacha. Kutupa chakula katika majira ya baridi, wakati ghala zimekaribia kuwa tupu, lilikuwa jambo lisilofikirika. Njia ya mkato ilikuwa kuchanganya kila kilichobaki na unga, kumimina uji huo kwenye kikaango chenye mafuta, na kuwaita wote wa nyumbani wale washibe. Mayai yaliyotagwa baadaye yalingoja hadi mfungo ulipokwisha, na hiyo ni sababu mojawapo ya yai kuwa alama ya Pasaka hadi leo.

Mapishi yenyewe yalibadilika kadiri nyakati zilivyobadilika. Mwaka 1615 mwandishi Gervase Markham alitoa kitabu cha mafunzo kwa mama wa nyumbani wa Kiingereza, na humo alieleza jinsi ya kutengeneza chapati hizo. Markham alitaka mayai yapigwe pamoja na maji, kwani kwa maoni yake maziwa huzifanya ziwe ngumu na za kukinaisha. Kisha aliongeza karafuu, mdalasini na kungumanga. Msomaji wa Kiswahili atatabasamu: Mwingereza wa karne ya 17 alipika chapati za maji kwa maana halisi ya jina hilo, tena kwa viungo ambavyo jiko la pwani linavijua vyema.

Kengele ya Olney

Ili kuwakumbusha watu kwenda kuungama, makanisa yalipiga kengele asubuhi ya Jumanne hiyo. Kadiri miaka ilivyokwenda, watu waliisikia kama ishara ya kuacha kazi na kuwasha jiko, hata wakaiita kengele ya chapati. Katika mji mdogo wa Olney, jimboni Buckinghamshire, husimuliwa kwamba mwaka 1445 mwanamke mmoja alikuwa bado anakaanga aliposikia kengele hiyo. Kwa kuhofia kuchelewa, alikimbia hadi kanisani akiwa amevaa aproni, na kikaango kikiwa mkononi. Hiyo ni hadithi ya mji, wala hakuna awezaye kuithibitisha, lakini ndiyo iliyozaa mashindano ya Olney.

Katika mbio hizo wanawake wa mji huvaa aproni na kitambaa kichwani, kila mmoja na kikaango chake, nao hukimbia kiasi cha mita 380 kutoka sokoni hadi kanisani. Vita Kuu ya Pili ya Dunia ilizikatiza. Mwaka 1948 kasisi wa Olney, Ronald Collins, aliamua kuzifufua. Inafaa kukumbuka kwamba wakati huo mayai yalikuwa bado yakigawiwa kwa kipimo nchini Uingereza, na utaratibu huo haukuondolewa hadi mwaka 1953. Katika mwaka wa uhaba, watu wa Olney walichagua kukimbia na chapati.

Picha za mbio hizo zilivuka bahari. Mwaka 1950 mji wa Liberal, katika jimbo la Kansas nchini Marekani, uliiomba Olney ishindane nao. Tangu hapo kila mji ulikimbia kwake, umbali ule ule na siku ile ile, kisha muda wa washindi ukalinganishwa.

Barabarani na jikoni

Picha hii ya upole haionyeshi historia yote. Kwa muda mrefu Jumanne hiyo ilikuwa pia siku ya fujo. Vijana wanagenzi, waliokuwa wakitumikishwa mwaka mzima na mabwana zao, walipewa nafasi ya kupumua, nao waliitumia kwa nguvu. Mwaka 1617 wanagenzi wa London walilivamia jumba la michezo ya kuigiza lililoitwa Cockpit na kuliharibu. Vijijini, jogoo alifungwa kwa kamba na watu wakamtupia magongo hadi akafa, na hiyo ilihesabiwa kuwa burudani. Katika miji mingi watu wa mtaa mmoja waliwakabili wa mtaa mwingine kwa mpira usio na kanuni, mamia kwa mamia, huku wenye maduka wakifunga madirisha kwa mbao.

Kidogo kidogo wakuu wa nchi walichoka. Mchezo wa kuua jogoo ulipigwa vita katika karne ya 18 hadi ukatoweka. Sheria ya barabara ya mwaka 1835 iliweka faini kwa wanaocheza mpira barabarani. Mjini Derby, mwaka 1846, wanajeshi waliitwa ili kuuzima mchezo huo, na haukupita muda mrefu ukafa kabisa. Ni mahali pachache tu ambapo umesalia. Maarufu zaidi ni Ashbourne, katika jimbo la Derbyshire, ambako mji mzima hugawanyika pande mbili na kugombea mpira kwa siku mbili, na magoli yamewekwa umbali wa karibu kilomita 5.

Hata amri ya mfungo yenyewe ilidhoofika. Mfalme Henry wa Nane aliitenga Uingereza na Roma mwaka 1534, na katika vizazi vilivyofuata utii kwa kanuni za zamani za Kwaresima ulipungua. Mwaka 1563, chini ya Malkia Elizabeth wa Kwanza, bunge liliamuru watu wale samaki siku ya Jumatano pia, lakini shabaha ilikuwa kuwainua wavuvi na kuupatia ufalme mabaharia. Mfungo ulikuwa umekwisha kuwa jambo la biashara na ulinzi.

Basi likabaki swali. Padri hangojewi tena na wengi, mayai hayakatazwi, jogoo amesalimika, na mpira umepata viwanja vyake. Ni nini kilichobaki? Kimebaki kikaango. Sehemu ya siku iliyokuwa ya barabarani ilipigwa marufuku au ilijifia yenyewe. Sehemu iliyokuwa ya jikoni haikuhitaji ruhusa ya mtu. Unga, mayai na maziwa ni vitu vya bei nafuu, kazi yake ni ya nusu saa, na mtoto wa miaka 5 anaweza kushiriki sawa na babu yake. Hakuna sheria iliyowahi kuilinda, na hakuna mfalme aliyeiamuru.

Majirani wa Ulaya

Waingereza hawako peke yao. Wafaransa waliita siku hiyo Jumanne Nono, jina lililosafiri hadi New Orleans nchini Marekani pamoja na maandamano yake ya ngoma na mavazi ya rangi. Nchini Urusi ni wiki nzima ya chapati nyembamba zinazoliwa kwa siagi. Watu wa Iceland huiita siku ya kupasuka, nao hula nyama ya chumvi na mbaazi hadi mikanda ilegee. Wasweden wana mikate yao mitamu ya maziwa. Wanasimulia pia habari ya mfalme wao Adolf Fredrik, aliyefariki dunia tarehe 12 Februari 1771, Jumanne hiyo hiyo, baada ya mlo mzito uliomalizika kwa mikate hiyo.

Jungu la pwani

Katika miji ya pwani ya Afrika Mashariki, siku za mwisho za Shaabani zina harakati zake. Jamaa hukusanyika kwa mlo mkubwa wa mchana, wengine huenda ufukweni au shambani na masufuria yao, na aliye mbali hujitahidi kufika. Jina lenyewe ni tamathali: jungu la chakula cha mchana linavunjwa kwa kuwa kwa mwezi mzima halitahitajika.

Tofauti na Kwaresima ya kale ipo. Ramadhani haikatazi mayai wala maziwa. Inakataza kula na kunywa tangu alfajiri hadi magharibi. Kwa hiyo vunja jungu haikuzaliwa na hofu ya siagi kuchacha. Ni kuuaga mchana, ni kukaa pamoja mara moja zaidi kabla ya ratiba ya nyumba kubadilika. Wala si ibada, na wanazuoni hawaihesabu kuwa sehemu ya dini.

Hata hivyo, vunja jungu nayo ina barabara yake na jiko lake. Katika miji mikubwa jina hilo limetumika kutangazia dansi na ulevi wa usiku kucha, na masheikh wamekemea mara kwa mara kwamba mwezi mtukufu haukaribishwi kwa maasi. Wapo vijana wanaoijua vunja jungu kwa sura hiyo tu. Wapo pia wazazi ambao, kwa kuikimbia sura hiyo, wameacha hata ule mlo wa mchana pamoja na jamaa. Hapo ndipo historia ya Kiingereza inapokuwa na la kusema: kelele za barabarani zinaweza kuzimwa na jambo lenyewe likabaki hai, mradi pawepo nyumba inayoendelea kupika.

Kwa miaka mitatu, kalenda mbili zisizofuatana zimesogeleana. Mwaka 2025 Siku ya Chapati za Maji iliangukia tarehe 4 Machi, wakati Ramadhani ilikuwa imeingia siku chache tu kabla. Mwaka 2026 ilikuwa tarehe 17 Februari, na mifungo yote miwili ikaanza katika wiki moja. Mwaka 2027 ni tarehe 9 Februari, tena karibu kabisa na mwandamo. Baada ya hapo zinaachana, kwani mwaka wa mwezi ni mfupi kwa takriban siku 11, na itapita zaidi ya miaka 25 kabla hazijakutana tena.

Watoto wa Kiswahili wanaorusha chapati leo katika majiko ya London au Leicester watakuwa watu wazima wakati huo. Watakachokumbuka hakitategemea kalenda. Kitategemea kama palikuwapo mtu aliyewaita jikoni, akawapa kikaango, na akawaambia kwamba kwao pia, kabla ya mfungo, lilikuwapo jungu. Wahenga walisema jungu kuu halikosi ukoko. Lakini ukoko humpata yule aliyesogea karibu na jungu kabla halijaoshwa.