Ukongwe Kazini na Haki ya Mwalimu: Kesi ya Jackson, Michigan

Historia ya shule huandikwa mara nyingi kwa nyakati za kupanuka: madarasa hujengwa, walimu huajiriwa. Nyakati za kupungua hufunua mengi zaidi. Nchini Marekani idadi ya watoto waliozaliwa ilifika kilele mwaka wa 1957, kisha ikateremka. Shule za umma, zilizokuwa na wanafunzi wapatao milioni 46 mwaka wa 1971, zilibaki na milioni 39 hivi mwaka wa 1984. Ikabidi kuulizwa: mwalimu yupi aondoke?

Jibu la desturi lilikuwa ukongwe kazini, yaani hesabu ya miaka ya utumishi: aliyeajiriwa mwisho ndiye aachishwaye kwanza. Kanuni hiyo haikuwa upuuzi. Pasipo kanuni hiyo, mwalimu wa siku nyingi angeweza kuondolewa kwa kuwa mshahara wake ni mkubwa, au kwa kuwa hapatani na mkubwa wake. Tarehe ya kuajiriwa haina rafiki wala adui. Lakini tarehe hiyo nayo ina historia yake, kama ilivyodhihirika katika mji wa Jackson, jimboni Michigan.

Mwaka wa 1969 walimu wa jamii za wachache, hasa Weusi, walikuwa asilimia 3.9 tu ya walimu wa mji huo. Mwaka wa 1971 walifika asilimia 8.8. Wengi wao, basi, walikuwa wageni kazini, na kupunguza walimu kwa kuhesabu miaka peke yake kungewarudisha nje. Mwaka wa 1972, baada ya machafuko ya kibaguzi shuleni, chama cha walimu na halmashauri ya elimu walipatana: ukongwe ufuatwe, ila asilimia ya walimu wa wachache watakaoachishwa isizidi asilimia yao kazini. Walimu wenyewe, ambao wengi wao walikuwa Weupe, waliupitisha mkataba huo. Jambo hili husahauliwa upesi.

Mwaka wa 1974 halmashauri iliukiuka, na chama kikaishtaki. Baadaye ukafuatwa: katika miaka ya shule ya 1976–77 na 1981–82, walimu Weupe waliachishwa, huku wenzao Weusi wenye miaka michache zaidi wakibaki. Walioachishwa wakaenda mahakamani, na tarehe 19 Mei 1986 Mahakama ya Juu ikawapa haki kwa kura 5 dhidi ya 4. Jaji Powell alieleza kwamba malengo ya kuajiri hugawa mzigo kwa watu wengi, bali kuachisha kazi huutwika wote juu ya watu wachache. Hoja hiyo ni nzito. Hata hivyo, ukongwe mtupu nao huutwika mzigo juu ya watu wachache: wale waliofunguliwa mlango kwa kuchelewa.

Huko Piscataway, New Jersey, mwaka wa 1989, hesabu yenyewe ilinyamaza: walimu wawili, mmoja Mweupe na mmoja Mweusi, walikuwa wameajiriwa siku moja. Halmashauri ilimbakiza Mweusi kwa ajili ya rangi yake. Kesi iliyofuata ilimalizwa kwa mapatano ya dola 433,500 mwaka wa 1997, kabla ya Mahakama ya Juu kuisikiliza. Wakati huo yule aliyeachishwa alikuwa amekwisha kurudishwa, na wote wawili walikuwa wakifundisha katika shule ileile.